Vidonge vya Bishop

Micah Kiplangat hakununua paka. Alilisema jambo hili mara nyingi, kwa sauti kubwa, kwa yeyote aliyekuwa na subira ya kumsikiliza. Alichonunua ni nyumba. Paka alikutwa ndani, sawa na mapazia na lile meko la mawe la sebuleni. Mama Mwingereza aliyekuwa akiiuza alimweleza waziwazi kwamba hawezi kusafiri na paka hadi Uingereza, na pia hana moyo wa kumpiga risasi kama majirani zake walivyowafanyia mbwa wao kabla ya kuondoka. Basi Bwana Kiplangat amchukue paka pamoja na nyumba, au nyumba itafutiwe mnunuzi mwingine.

Micah akamchukua. Nyumba yenyewe ilikuwa Milimani, mtaa wa Wazungu wa zamani mjini Nakuru, na mwaka ule wa 1968 mtu wa Rongai aliyepata nyumba Milimani hakuwa mtu wa kuiacha kwa sababu ya paka. Paka huyo alikuwa dume kubwa jeusi, lililohasiwa zamani, lenye alama nyeupe shingoni iliyofanana na ukosi wa kasisi. Kwa sababu hiyo yule mama alimwita Bishop. Micah alikuwa mzee wa kanisa na aliona jina hilo ni matusi kwa dini. Kwa wiki nzima alijaribu kumwita Simba. Paka hakugeuza hata sikio.

Kazi ya Micah ilikuwa kukagua mahindi kwenye bohari la nafaka karibu na reli. Mkulima alileta magunia yake, Micah akalichoma gunia kwa chuma chenye mfereji, punje zikateremka kiganjani, akatia moja mdomoni, akaing'ata, akatazama juu kana kwamba anangoja jibu kutoka mbinguni. Kisha akasema, "Maji mengi. Rudisha." Mkulima ametoka nje ya mji na trela la kukodi, sasa arudi nalo likiwa limejaa. Micah hakuwa mtu mbaya. Ni vile tu aliipenda sana hiyo sentensi.

Mwaka uliotangulia alikuwa amepanda juu ya rundo la magunia ili awaone vizuri wapagazi, akateleza, akatua kwa goti la kulia. Tangu hapo goti lilivimba kila lilipojisikia, na lilijisikia mara nyingi. Hospitali hakwenda. Hospitali mtu hupanga foleni, na foleni ya Nakuru imejaa watu ambao umewarudishia mahindi. Badala yake aliamua kupiga kelele. Chai ikipoa, kelele. Mlango ukibamizwa na upepo, kelele. Binti yake Chelagat akidondosha kijiko jikoni, Micah alinguruma kutoka kitini hadi vioo vya madirisha vikaitikia. Mke wake, Jepkoech, alikuwa mwanamke mtulivu aliyekulia katika boma la ng'ombe wakali. Aliendelea kufuma sweta.

Bishop alizoea mama mmoja mzee, saa moja ukutani na redio ya chini kwa chini. Sasa alijificha nyuma ya kochi.

Halafu mikojo ikaanza. Kwanza ilikuwa kwenye beseni la kuogea, matone machache yenye rangi ya waridi. Siku ya pili ikawa juu ya kiti cha Micah. Siku ya tatu ilikuwa ndani ya kiatu chake cha Jumapili, cha kulia, na Micah aligundua kwa kukivaa.

"Huyu paka ni mkoloni!" alinguruma. "Ameachwa hapa makusudi atuharibie uhuru!"

"Paka anaumwa, Baba Chelagat," Jepkoech alisema bila kuinua macho kwenye sindano zake. "Nimemwona bustanini. Anachutama, anajikamua, mkojo unatoka kidogo tu, tena wa damu. Halafu analia."

"Na mimi goti langu je? Nani analililia?"

"Wewe mwenyewe," Jepkoech alisema. "Tunakusikia."

Jirani yao ng'ambo ya ua wa michongoma alikuwa Bi Parvin, mke wa mwenye duka la vitambaa mjini, mama aliyejua kila kilichotokea Milimani, wakati mwingine kabla hakijatokea. Alikwisha kusikia habari ya kiatu.

"Peleka kwa Daktari Joginder," alimwambia Micah juu ya ua. "Paka yangu pia ilikuwa na hiyo maneno. Ni kibofu, inavimba ndani. Usichekelee, mzee. Hiyo kitu inachoma kama pilipili."

Micah hakuwa akichekelea. Alikuwa akifikiria aibu. Mzee wa kanisa, mkaguzi wa nafaka, kuonekana mjini amebeba paka mgonjwa kwenye kikapu! Ng'ombe unaweza kumpeleka kwa daktari na watu wakakuheshimu. Mbuzi pia. Lakini paka! Rongai paka akiugua alikwenda kichakani, akarudi amepona au asirudi, na hakuna aliyeandikiwa dawa. Hata hivyo jozi yake ya viatu vizuri ilikuwa moja tu.

Ukumbi wa Daktari Joginder ulijaa wakulima wenye ndama, wenye mbwa wa zizi, na mmoja mwenye bata mzinga chini ya kwapa. Wengi Micah aliwatambua. Na wao, bila shaka, walimtambua. Alikaa wima kikapu kikiwa magotini, akitazama ukuta, na kikapu kikalia nyau.

"Mzee," alisema yule wa bata mzinga kwa upole mwingi, "hiyo umeshaipima? Haina maji mengi?"

Ukumbi mzima ulicheka hadi ndama wakashtuka. Micah aliendelea kutazama ukuta. Ulikuwa ukuta wa kijani.

Daktari Joginder Singh alizaliwa Nakuru, akasomea udaktari wa wanyama ng'ambo, akarudi na ndevu zilezile na maneno mapya. Alikuwa mrefu, mchangamfu, na aliupenda ugonjwa kama watu wengine wanavyopenda mpira. Alimweka Bishop mezani, akamshika tumbo kwa vidole viwili, polepole, akifumba macho.

"Sikia hapa," alisema. "Kibofu iko ndogo, ngumu, kama limau changa. Hii ni nzuri."

"Nzuri?"

"Ingekuwa imejaa kama chungwa, na mkojo haitoki hata tone, hapo njia imeziba, na dume likiziba linakufa upesi sana. Hii yako inakojoa kidogo kidogo kwa sababu ndani kumevimba. Ukuta wa kibofu umekuwa mwekundu. Kidogo ikiingia tu, inaona imejaa."

"Imevimba kwa sababu gani?"

Daktari aliinua mabega. "Hiyo hatujui. Nimetafuta vijidudu kwa paka kama hizi, mara nyingi hakuna. Vitabu vinabishana. Lakini dawa iko." Akatikisa kichupa cha vidonge vyeupe vidogo. "Prednisoloni. Inapunguza uvimbe. Haijali umevimba wapi wala kwa nini, yenyewe inapunguza tu. Nusu asubuhi, nusu jioni, halafu tutapunguza polepole. Usiikate ghafla. Umesikia, mzee? Polepole."

Micah alisikia. Zaidi ya yote alisikia yale maneno kwamba dawa haijali umevimba wapi.

Kumpa Bishop kidonge ilikuwa kazi ambayo daktari alisahau kuieleza. Micah alikificha ndani ya nyama. Bishop alikula nyama, akaacha kidonge sakafuni, kisafi, kama kilichooshwa. Alikisaga katika maziwa. Bishop alitazama maziwa, akamtazama Micah, akaondoka. Mwishowe alimkunja kwenye taulo, akamfungua mdomo kwa nguvu na kusukuma kidonge kwa kidole. Kidonge kiliruka upande mmoja na damu ya Micah ikaruka upande mwingine.

Alikaa kitini akifyonza kidole. Goti lilikuwa limetuna kama boga. Mbele yake kichupa kilikuwa mezani, kikingojea mgonjwa mwenye adabu zaidi. Micah alikitazama muda mrefu. Paka mzima, alijiambia, ni kilo chache tu. Mtu mzima ni zaidi ya nusu gunia. Mahesabu ya uzito ndiyo kazi yake. Alimimina vidonge kiganjani kama anavyomimina punje, akavitia mdomoni, akameza. Hakung'ata.

Kesho yake jioni alipanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Kesho kutwa alichuchumaa kufunga kamba za viatu na akainuka mwenyewe. Goti lilikuwa limenywea na kuwa goti. Micah alitembea bustanini akiimba besi ya kwaya. Chai ilipopoa aliinywa ikiwa baridi na kusema ni tamu. Chelagat aliangusha sahani, ikavunjika vipande vipande, na baba yake akasema, "Sahani ni sahani tu, mwanangu." Msichana alikimbia kwa mama yake kuuliza kama baba anakufa.

Ndani ya wiki ile Bishop alitoka nyuma ya kochi. Alinusa kiti, akazunguka meza, akalala kwenye zulia mbele ya meko na tumbo juu. Akaanza kukojoa kwenye karai lake la mchanga, mkojo mrefu wa manjano safi, na kuufukia kwa heshima.

"Dawa ya Joginder ni kali!" Jepkoech alisema kwa mshangao. "Na nilidhani paka huyu hamezi."

"Kwangu anameza," Micah alisema. "Ni namna ya kumshika tu."

Bi Parvin alisikia, na kufikia jioni Milimani yote ikajua. Micah alikwenda kumshukuru daktari, na kuomba kichupa kingine. Joginder alimshika mkono kwa mikono miwili. Alimpigia simu mama mmoja wa Gilgil, mke wa afisa wa jeshi, aliyekuwa na paka mwenye kibofu kama hicho, akamwambia amepata ushahidi Nakuru: paka wa mzee wa kanisa, mkojo safi ndani ya wiki.

Lakini mtu wa nusu gunia hula vidonge upesi. Kichupa cha pili kilipokwisha, Micah alirudi.

"Tayari?" Joginder aliuliza. "Hiyo ingetosha paka moja hadi mwisho wa mwaka."

Micah hakuwa mzoefu wa uongo, na asiye mzoefu hukosa kipimo. "Ameambukiza wengine," alisema. "Kuna mke wake. Na watoto."

"Si amehasiwa?"

"Watoto wa mke."

Macho ya daktari yaling'aa. Kumbe ugonjwa unaambukiza! Hakuna kitabu kilichosema hivyo. Alimpa Micah mkebe mzima, akamwandikia rafiki yake wa Nairobi kwamba huenda yuko karibu kugundua jambo.

Miezi ile ilikuwa mizuri kwa Micah. Alipata hamu ya kula isiyo na adabu. Alikula ugali wake na wa mgeni. Uso wake ulijaa, ukawa mviringo, mwekundu wa kung'aa mashavuni, na kanisani watu walimpongeza kwa jinsi Milimani ilivyomkubali. "Mzee Micah amenawiri," walisema. Alinawiri hadi ukosi wa shati ukakataa kufungwa. Alfajiri macho yalikuwa yanawaka kama taa, akaamka kupanga upya rafu za Jepkoech jikoni. Bohari nalo lilipokea mahindi ambayo zamani yangerudishwa, kwa maana Micah alimwonea huruma kila mtu. Panya wa bohari hawajapata kuishi vizuri kama mwaka ule.

Mkebe ulipofika mwisho, Joginder alikataa kujaza.

"Kwanza nione hiyo familia," alisema kwa shauku. "Jumamosi nakuja na vyombo vyangu. Mke, watoto, wote. Nitachukua mkojo ya kila mmoja."

"Wana aibu sana," Micah alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi pia," daktari alisema, akamtoa nje kwa furaha.

Kwa hiyo dawa ilikatika, tena ghafla, kinyume kabisa cha alivyoagizwa. Goti lilirudi kama mpangaji aliyefukuzwa anayerudi na ndugu zake. Safari hii lilikuja pamoja na uchovu, kichefuchefu na mifupa iliyouma yote kwa wakati mmoja. Micah alilala kochini akinguruma. Chai, kelele. Mlango, kelele. Chelagat alikwenda kukaa kwa Bi Parvin na vitabu vyake. Bishop alirudi nyuma ya kochi, na kufikia Ijumaa kofia ya Micah, ile ya sufu ya kijivu, ilikuwa na matone mekundu ndani.

Jumamosi Land Rover ya daktari ilisimama mlangoni. Joginder alishuka na mkoba, vichupa vitupu na glavu, akiwa na uso wa mtu anayekwenda kuoa.

"Karibu, Daktari," Jepkoech alisema. "Umekuja kumwona Bishop? Amerudiwa."

"Yeye na wote. Mke wake yuko wapi?"

"Mke wa nani?"

"Wa paka. Na watoto wake."

Jepkoech alimtazama daktari kwa makini, kama mtu anayepima iwapo ni jua au ni pombe. "Daktari, hapa kuna paka mmoja. Hana mke. Vitu vyenyewe vya kuolea hana."

Kutoka kochini Micah alisema kwamba mke yule alisafiri.

Joginder aliweka mkoba chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama mwenye paka jinsi anavyomtazama mgonjwa mezani. Aliona uso wa mviringo, mashavu mekundu, shingo iliyonona nyuma. Alimsogelea, akamwinua kidevu kwa kidole, kama anavyofanya kwa ndama.

"Mzee," alisema polepole, "nani alikuwa anakula dawa?"

Micah alitazama dari. Dari ilikuwa nyeupe.

"Goti nalo lilikuwa limevimba," alisema hatimaye. "Na wewe ndiwe uliyesema haijali ni wapi."

Jepkoech aliacha kufuma. Kwa miaka yao yote ya ndoa Micah hakuwahi kuona jambo hilo likitokea. "Na paka je?" aliuliza. "Alimeza kingapi?"

"Hakumeza."

"Hata kimoja?"

"Alinitemea."

Daktari aliketi bila kukaribishwa. Alifikiria mama wa Gilgil. Alifikiria barua iliyokwenda Nairobi. "Lakini alipona," alisema, karibu kwa kulalamika. "Mkojo ilikuwa safi. Mama, ulibadilisha nini? Chakula? Maji? Ulimhamisha?"

"Mimi sikubadilisha kitu," Jepkoech alisema. "Huyu ndiye alinyamaza. Goti lilipopoa, nyumba ilinyamaza, na paka akatoka nyuma ya kochi. Sasa anapiga kelele tena, na kofia ndiyo hiyo. Kwa hiyo dawa yako ni nzuri, Daktari. Ila ilimezwa na mtu na ikamponya paka."

Joginder alikuwa na hasira nyingi za kumgawia Micah, na alimgawia bila kupunja: kwamba dawa hii ikikatwa ghafla inaweza kumwangusha mtu kabisa, kwamba paka ana akili kuliko baadhi ya wazee wa kanisa, kwamba watoto wa mke, jamani, watoto wa mke! Kisha yeye mwenyewe alimpakia Micah ndani ya Land Rover, kwenye harufu ya mbuzi, akampeleka kwa Daktari Shabir, aliyekuwa na kibali cha kutibu watu.

Shabir alimrudishia vidonge vilevile, kidogo, kisha pungufu, kisha pungufu zaidi, hadi mwili ulipokumbuka kujitegemea. Goti alilitoboa kwa sindano nene, akatoa maji mengi, na hapakuwa na wa kuyarudishia. Ilichukua miezi. Uso ulirudi kuwa uso wa Micah, na watu wa kanisani wakampa pole kwa kufilisika.

Bishop hakupewa chochote. Jepkoech aliweka karai lake kwenye stoo iliyokuwa kimya, akamwekea blanketi na maji ya kutosha, na akamweleza mumewe kwa sauti yake ya kawaida kwamba anayetaka kunguruma atanguruma ndani ya gari, gerejini, madirisha yakiwa yamefungwa. Micah alibisha kidogo, kwa heshima ya cheo chake, kisha akatii. Asubuhi nyingine Bi Parvin aliiona Anglia, gari la Micah, ikitikisika peke yake. Paka alipona kabla ya wiki kuisha, kama mara ya kwanza.

Joginder alilitafakari jambo hilo kwa muda, halafu akaendelea kutoa vidonge. Alijaribu mara moja kumwambia mteja kwamba pengine dawa ya paka wake ni yeye kufunga mdomo, na mteja akahamia kwa daktari mwingine. Barua ya Nairobi ilijibiwa kwa hamu, yule rafiki akiuliza habari zaidi za yule mke. Joginder hakuandika tena.

Bishop aliishi hadi 1975, akafa usingizini kwenye kiti cha Micah, kiti ambacho Micah alikuwa ameacha kukalia miaka mingi kabla. Asubuhi ile Micah alituma habari bohari kwamba hatafika kazini, ana msiba. Hakueleza zaidi.

Watu wa bohari walikuwa watu wazuri. Walichanga. Jioni walipanda Milimani wakiwa wamevaa makoti, na sukari, majani ya chai na mkate wa sinia, wakakaa sebuleni wakiwa wameinamisha vichwa. Waliimba pambio mbili. Karani mkuu aliomba kwa kirefu kwamba marehemu apokelewe. Micah alilia waziwazi, na jambo hilo liliwagusa sana, maana walimjua kwa mengine.

Jepkoech alipomaliza kumimina chai, karani aliuliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa nani kwao, na mazishi ni lini.

"Ni paka," Jepkoech alisema. "Tulimzika asubuhi."

Mtu mmoja alikohoa. Chai ilikuwa moto, imekolea maziwa, na kila mtu tayari alikuwa na kikombe chake mkononi.

"Poleni sana," karani alisema hatimaye, na akasogeza mkate karibu.